Bata mzinga anaitikia lakini haji: mwongozo kamili wa kuwinda madume wakati wa springi (majira ya kuchipua) Marekani

Kila ukifika mwezi wa nne swali ni lile lile kutoka kwa ndugu zetu walioko Kentucky, Missouri, Iowa, Texas na kwingineko Marekani: "Nilimsikia kabisa, nikamwita akajibu, tukajibizana karibu saa nzima, halafu kimya, sijamwona hata unyoya." Ukimhoji mtu vizuri, ulikaa wapi, uliita mara ngapi, ulifanya nini alipokaa kimya, unakuta bunduki yake nzima na kifaa chake cha kuitia kinatoa sauti nzuri tu. Kilichomwangusha ni mahali alipokaa, na kwamba hakujua muda wa kunyamaza.

Shika hili kwanza maana mwongozo wote umesimama hapa: porini bata mzinga dume akilia anawaita majike waende kwake. Hiyo ndo kawaida yao. Wewe unataka kinyume, dume aache uwanja wake atembee kumfuata jike ambaye hata hamwoni. Kwa hiyo anapokujibu halafu haji hajakukataa, anakusubiri. Kazi yako kubwa ni kumpunguzia safari, na kuita kunakuja baadaye.

Na raha yake aisee! Ndege wa kilo 8 mpaka 11 analia gizani juu ya mti, unamjibu kwa lugha yake, halafu anakuja mwenyewe kwa miguu ametandaza mkia, kichwa kinabadilika badilika nyekundu, nyeupe, buluu, na wewe umekaa chini umeegemea mti moyo unagonga mpaka unaogopa atausikia. Sijui mawindo mengine yanayomtetemesha mtu mzima namna hii. Ndo maana nimeamua niandike yote kwa urefu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Karatasi. Leseni ya uwindaji ya jimbo lako na kibali cha bata mzinga wa springi, mara nyingi unalipia kila kimoja peke yake. Majimbo mengi wanadai cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji, unasoma mtandaoni na baadhi wanaongeza siku ya vitendo. Kama bado hujaisoma, majimbo kadhaa yana leseni ya mwanafunzi, unawinda ukiwa pembeni ya mtu mzima mwenye leseni yake. Alaska tu ndo hakuna bata mzinga wa mwituni, kwingine kote msimu upo, mpaka Hawaii.

Ndugu zangu wahamiaji hapa msipapite haraka. Kwa sheria ya shirikisho mtu asiye na hadhi halali ya kuwepo nchini haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, hata ya kuazima. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, naye amezuiwa, ila kuna misamaha na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye grini kadi kifungu hicho hakimgusi. Kama kesi yako bado iko njiani muulize mwanasheria wa uhamiaji KABLA hujashika bunduki ya rafiki, maana hili kosa linaweza kukuondoa nchini na familia ikabaki.

Vifaa. Si vingi:

- Shotgani ya geji 12 au geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Geji 20 inapiga bega taratibu na kwa risasi za kisasa inatosha kabisa, usiaibishwe dukani.
- Choki ya bata mzinga, ile inayobana mdomo wa mtutu ili marisau, zile chembe ndogo za ndani ya risasi, yasitawanyike mapema.
- Risasi za kawaida, zenye marisau ya madini ya risasi (lead), namba 4, 5 au 6. Zipo na za tangsteni, madini mazito kuliko lead, kwa hiyo chembe ndogo sana kama namba 9 bado zinapenya. Bei yake kali, si lazima kuanza nazo.
- Nguo za mabaka mwili mzima, glavu na kitambaa cha kufunika uso. Mikono na uso ndo vinavyomeremeta, watu wanavisahau.
- Vifaa viwili vya kuitia: kiboksi cha mbao, na kisahani chenye kijiti chake. Cha mdomoni ni kizuri kwa sababu mikono inabaki huru, lakini kinahitaji wiki nyingi za mazoezi.
- Kigodoro cha kukalia. Usikidharau, makalio yakiuma utajitikisa, ukijitikisa umeonekana.
- Tochi, maji, kisu, mkasi mdogo wa kukatia matawi, na kitambaa kikubwa cha rangi ya chungwa inayong'aa.
- Dawa ya permethrini ya kupulizia nguo. Inapuliziwa kwenye nguo zikiwa zimevuliwa, ikauke ndo uvae, haipakwi mwilini. Springi ndo kupe wanaamka na magonjwa yao si ya mchezo.

ONYO la rangi: usivae wala kubeba kitu chekundu, cheupe au cha buluu, hata soksi, hata leso mfukoni. Hizo ndo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine akiona doa jekundu linacheza majanini anaweza kukudhania wewe ndo ndege. Ajali nyingi za msimu huu zinatokea hivyo hivyo.

## Hatua ya 1: Pata ardhi na ruhusa

Kuna ardhi za umma, kama Mark Twain National Forest kule Missouri au Daniel Boone National Forest kule Kentucky, na maeneo ya wanyamapori ya kila jimbo. Soma sheria za eneo lenyewe sio za jimbo tu, maana mengine yana bahati nasibu ya vibali au siku maalumu.

Ardhi ya mkulima ni nzuri zaidi kwa mtu anayeanza kwa sababu watu ni wachache. Nenda mwezi wa pili au wa tatu, mchana, na nguo zako za kawaida, bila bunduki wala mabaka, gari uliegeshe linapoonekana. Ukiweza nenda na mtu anayefahamika pale, mfanyakazi mwenzako au mtu wa kanisani. Mwambie unaomba bata mzinga tu, hutaki paa. Wakulima wengi paa wao wamewatunza kwa ajili ya watoto wao lakini bata mzinga hawana habari naye. Akikataa mshukuru uondoke.

Umefanikiwa ukiwa na ruhusa ya maandishi na unajua mpaka wa shamba unaishia wapi. Ukiweza pata sehemu mbili, kwa sababu ukikuta gari la mtu limeshaegeshwa mahali pako unaondoka, hamgombanii dume mmoja.

## Hatua ya 2: Ipime bunduki kwenye karatasi

Hapa watu wanaruka halafu wanasema "nimempiga akaruka". Shotgani ya bata mzinga inalenga kichwa na shingo tu. Mwili una manyoya mazito na mbawa ngumu, ukipiga mwili unamjeruhi anakimbia kufia kwingine, jambo ambalo ni dhambi na hasara.

Weka karatasi kubwa yadi 20, piga, angalia kama marisau yanaangukia pale ulipolenga. Halafu sogeza mpaka yadi 40, kama mita 36 hivi. Chora duara la inchi 10 kuzunguka sehemu yalipojaa zaidi, hesabu matundu. Kipimo wanachotumia wawindaji wengi ni matundu 100 ndani ya hilo duara. Yakiwa pungufu sogea yadi 35, sogea 30, mpaka yafike. Huo umbali ndo mwisho wako wa kupiga, usibishane nao porini.

Piga pia yadi 10. Utashangaa marisau yote yamekwenda kama ngumi moja. Yaani ndege akiwa karibu sana ni rahisi kumkosa kuliko unavyodhani, lazima ulenge kama unavyolenga na bunduki ya risasi moja.

Hakikisha pia sheria ya jimbo kuhusu idadi ya risasi ndani ya bunduki. Majimbo mengi mwisho ni tatu pamoja na ile iliyo chemba, na shotgani zinazobeba zaidi zinawekwa kizibo.

## Hatua ya 3: Jifunze sauti chache uzijue vizuri

Bata mzinga ana milio mingi. Wewe unahitaji hii:

Mlio wa kawaida wa jike, kyo-kyo-kyo-kyo, mapigo manne mpaka saba. Huu ndo ugali wako wa kila siku. Kinachomata zaidi ni mwendo wa mapigo, sauti hata ikikwaruza kidogo haina shida maana majike wa kweli nao wana sauti mbaya.

Tok moja laini, halafu kimya, halafu tok. Jike ametulia, anakula.

Mkoromo mdogo wa kuridhika, krrrr, karibu hausikiki. Kisahani kinautoa vizuri.

Tok-tok, tok-tok-tok, kali na ya haraka. Jike amechangamka. Tumia kwa nadra.

Na kuna mmoja wa kuujua ili USIUTOE: tok moja kali sana, ya ghafla. Hiyo maana yake "hatari, nimeonekana, kimbieni." Tofauti yake na tok ya utulivu ni nguvu na ghafla yake, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi toa laini.

Sikiliza rekodi za ndege halisi, usisikilize mashindano ya wanadamu. Ukiwa porini lakini usicheze rekodi kwenye simu kumwita, vifaa vya umeme vya kuitia vimepigwa marufuku majimbo mengi kwa bata mzinga.

Ongeza kitu kimoja: mlio wa bundi kwa mdomo au filimbi ya kunguru. Dume wakati wa springi akishtuliwa na sauti kali analia bila kukusudia. Unamjua alipo bila yeye kujua kuna jike karibu, kwa hiyo hajaanza kukusubiri.

## Hatua ya 4: Wajue wanapolala, siku kabla

Bata mzinga wanalala juu ya miti mikubwa, wanapanda jua likizama na kushuka alfajiri. Ukijua mti wanaolala na upande wanaoelekea wakishuka umeshamaliza nusu ya kazi.

Jioni ile ya kabla kaa mbali kwenye kilima, sikiliza mbawa nzito zikipiga matawi. Giza likianza toa mlio wa bundi mara moja, usikilize. Akilia weka alama kwenye ramani ya simu ondoka taratibu.

Mchana tafuta alama. Kinyesi cha dume kimejikunja mwishoni mfano wa herufi J, cha jike ni kikunjo kidogo cha mduara. Majani yaliyochakurwa, ukiangalia yamerushwa upande gani unajua walikuwa wanaelekea wapi, maana wanachakura kwa kurusha nyuma. Michirizi miwili sambamba na nyayo kwenye vumbi la barabara ya shamba ni ncha za mbawa za dume alipokuwa anajitanua, hapo ni uwanja wake na atarudi. Unyoya wa kifuani wenye ncha nyeusi ni wa dume, wenye ncha ya kahawia ni wa jike.

Onyo: usiite kwa kifaa cha jike kabla ya siku yenyewe ili tu "kujaribu". Kila anapokuja asikute kitu, au akikuona, unamfundisha.

## Hatua ya 5: Kukaa, na hapa ndo wengi wanapoharibu

Uwe umeshakaa kwenye mti wako angalau dakika 40 kabla halijaanza kupambazuka. Ina maana ya kuamka saa tisa au saa kumi alfajiri, hakuna njia ya mkato. Ingia gizani kwa miguu, taa chini, usikanyage vijiti.

Umbali kutoka mti aliolala: yadi 100 mpaka 150, chini ya hapo kama majani hayajaota watakuona toka juu. Macho yake ndo silaha yake, anaona sehemu kubwa ya mduara bila kugeuza kichwa na anaona rangi vizuri sana. Pua yake ni dhaifu, kwa hiyo habari za upepo na sabuni zisikusumbue.

Sasa chagua mahali kwa kufuata haya, na yasipotimia yote usikae, sogea:

Kwanza, ukae kwenye njia aliyokuwa anaitaka tayari. Kama wakishuka wanaelekea uwanda wa nyasi, kaa kati ya mti na uwanda. Ukikaa upande wa nyuma utasikia anavyolia akienda zake.

Pili, kati yenu pasiwe na kizuizi. Kijito, uzio wa waya, bonde lenye kichaka. Anaweza kuruka bila shida, lakini mara nyingi hataki, anasimama ng'ambo anasubiri jike avuke yeye.

Tatu, na hili ndo la dhahabu: kaa mahali ambapo atakapoweza kuona sehemu sauti inapotoka awe tayari ameshaingia ndani ya umbali wako wa kupiga. Nyuma kidogo ya mgongo wa kilima, au kwenye kona ya barabara ya msituni. Ukikaa kwenye uwazi wa yadi 150, atatokea mwisho kule, atatazama pale jike anapoita, hamwoni, anajua kuna kitu hakiko sawa, anasimama. Watu wanaita hiyo bahati mbaya. Ulikaa vibaya.

Nne, mti mpana kuliko mabega yako na mrefu kuliko kichwa chako. Unakuficha umbo, na unakulinda mgongo mwindaji mwingine akipiga kutoka nyuma. Magoti juu, bunduki juu ya goti. Kama unapiga kwa mkono wa kulia elekeza bega la kushoto upande unaomtarajia, hivyo unaweza kuzungusha mtutu eneo kubwa bila kunyanyuka.

Dekoi, yaani ndege bandia, si lazima. Ukiitumia weka jike mmoja yadi 20 toka ulipo, mahali ambapo mtu akiipiga risasi haikuelekei wewe. Ardhi ya umma USIWEKE dekoi la dume lililojitanua, na usilibebe wazi unapotembea.

Umefanikiwa hatua hii kama umekaa, hakuna ndege aliyeruka, na unaweza kukaa hivyo saa nzima bila kitu kukuchoma.

## Hatua ya 6: Ita kidogo, halafu nyamaza

Kukianza kuwa kijivu ataanza kulia mwenyewe. Hapo ndo damu inachemka na mkono unawasha. Tulia, mwache alie.

Akiwa bado mtini toa milio mitatu minne ya jike, laini sana, kama jike anayeamka. Mara moja tu. Akijibu weka kifaa chini. Ukiendelea kumjibu kila akilia atabaki juu ya mti anasubiri uje chini yake, na majike wa kweli watafika kabla yako.

Ukisikia mbawa, kashuka, au majike wameshuka, pigapiga kofia kwenye paja haraka kama mbawa, halafu kyo-kyo-kyo-kyo ya kawaida. Akijibu sikiliza kitu kimoja: sauti inakuja au inaenda? Ikiwa inakuja, usitoe hata tok. Nyanyua bunduki goti lilipo, elekeza mtutu anakotokea, shavu kwenye kitako, na usijitikise tena. Kuna watu wanaona raha ya kujibizana mpaka wanamsimamisha dume aliyekuwa tayari anakuja.

Akiwa karibu utasikia sauti nzito ya chini, vmmmm, unaihisi kifuani kuliko masikioni. Huyo yuko ndani ya yadi 60 au 50, usigeuze kichwa kumtafuta.

Na anaponyamaza usinyanyuke! Madume wengi, hasa waliowahi kufukuzwa fukuzwa, wanakuja kimya kimya. Kaa dakika 30 mpaka 45 baada ya mlio wa mwisho. Ningeweza kuandika mwongozo mzima kuhusu hizi dakika, maana ndo zile ambazo mtu anasimama kujinyoosha na dume aliyekuwa nyuma ya kichaka anaondoka na springi ya mtu.

Saa za kuanza kupiga majimbo mengi ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Na mwisho wake unatofautiana, Pennsylvania kwa mfano sehemu ya kwanza ya msimu unamaliza saa sita mchana. Angalia ya kwako.

## Hatua ya 7: Akigoma

Amesimama yadi 80, analia, hatoki. Fanya kwa mpangilio huu.

Nyamaza dakika 20. Jike aliyekuwa anamtaka ghafla kimya, udadisi unamsukuma.

Bado? Chakura majani kwa mkono, mara tatu, tulia, mara mbili. Hiyo ni sauti ya ndege anakula na haina mashaka kabisa kwake.

Bado? Geuza mdomo au kisahani nyuma yako, ita kwa sauti ya chini, kama jike anaondoka zake. Kama mko wawili ni rahisi zaidi, mwitaji arudi nyuma yadi 40 taratibu na mpigaji abaki mbele, dume akimfuata mwitaji anampitia mpigaji. Mkubaliane kabla nani yuko wapi na hakuna anayehama bila mwenzake kujua.

Kama yuko na majike, mwache yeye, ongea na jike. Jike mkubwa akilia mwigilize alivyolia, akiongeza ongeza. Akikasirika akija kukutafuta anamleta dume nyuma yake.

Usimnyatie kamwe. Kutambaa kuelekea mlio wa dume ni hatari kubwa, maana huo mlio unaweza kuwa wa mwindaji mwenzako. Na ukiona mtu anakuja upande wako usipunge mkono wala usitoe mlio wa ndege, ongea kwa sauti ya kibinadamu, kubwa, "Hey, hunter here!", Kiingereza hiki hiki, huku umetulia kwenye mti.

## Hatua ya 8: Rudi saa tatu asubuhi

Watu wengi saa mbili wameshaenda kunywa chai. Kosa kubwa. Jike anataga yai kama moja kwa siku mpaka afikishe 10 au 12, na baadaye analalia siku 28. Asubuhi ikisogea majike wanamwacha dume mmoja mmoja waende kwenye kiota. Kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi, hapo nasema saa zetu za Kiswahili, dume yuko peke yake, ana hamu, na kelele za alfajiri zimekwisha. Dume akijibu saa nne asubuhi mara nyingi anakuja kweli.

Tembea taratibu, kila mita 200 hivi tafuta mti mzuri KABLA ya kuita, halafu ita. Ukiita umesimama katikati ya barabara akijibu yadi 70 utakimbilia wapi?

Siku ya upepo au mvua nenda kwenye uwanda, masikio hayawasaidii msituni kwa hiyo wanatoka mahali wanapoona mbali.

## Hatua ya 9: Risasi

Sheria za springi zinaruhusu dume tu, au ndege mwenye ndevu kifuani, kutegemea jimbo. Ndevu ni ule mkia mweusi wa manyoya unaoning'inia kifuani. Baadhi ya majike nao wanazo, soma maneno ya sheria yako. Usifyatue mpaka umeona kichwa, ndevu na mwili mzima, na umeona nyuma yake kuna nini.

Songesha bunduki pale tu kichwa chake kinapopita nyuma ya mti, au anapojitanua amekupa mgongo, mkia unamziba macho. Akiwa amejitanua usipige, shingo imekunjwa imeingia ndani. Toa tok moja laini, atashusha manyoya, atanyoosha shingo kutazama. Lenga katikati ya shingo, pale manyoya yanapoanzia. Hakikisha hakuna mwingine nyuma yake, marisau yanapiga wawili na una kibali cha mmoja.

Kwa Waislamu, taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimfikia yu hai mchinje pale pale. Suala la marisau maulamaa wamelizungumza kwa upana, kaa na shehe wako kabla ya msimu ujue unafuata kauli ipi.

## Hatua ya 10: Kuanzia pale hadi sufuriani

Weka sefti, tembea haraka umkanyage shingo, maana hata aliyekufa anapigapiga mbawa. Miguu yake ina vikwaru, ile miiba ya kisigino, inachana mkono. Jaza tagi yako, ile karatasi ya kibali ya kumwekea ndege, papo hapo kama jimbo linavyotaka na ripoti kwa simu au mtandao kabla muda haujapita. Mfunge kwa kile kitambaa cha chungwa unapombeba. Usimning'inize begani wazi ukapita naye msituni, umeelewa kwa nini.

Springi kuna joto, mtoe matumbo mapema na umweke kwenye barafu. Kile kifuko cha chakula shingoni kipasue uone alikuwa anakula nini, kesho unajua pa kukaa. Firigisi na maini usitupe. Mbele ya kifua dume wa springi ana tabaka la mafuta ya manjano kama sponji, litoe lote, lina ladha mbaya.

Kidari na mapaja ni vyakula viwili tofauti na hapa pia watu wanaharibu. Kidari hakina mafuta, kikate vipande vyembamba kukata nyuzi za nyama, kiroweke na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na mtindi usiku mmoja, choma mishkaki haraka na ukitoe kikifika nyuzi 74 za Selsiasi ndani, kisikauke. Miguu na mapaja yana mishipa migumu sana, dume wa miaka mitatu ametembea milima, kwa hiyo chemsha kwa saa tatu au presha kuka saa moja na nusu mpaka nyama iachane na mfupa, ndo uitie nazi, nyanya na pilipili mbuzi. Tafuna taratibu, marisau yanabaki.

Ukiwa na nyama nyingi gawia majirani na watu wa msikitini au kanisani, lakini usiuze, hata kwa rafiki mwenye mgahawa. Kuuza nyama ya ndege wa mwituni ni kosa na leseni inaondoka.